Baba Yu Hai, ila Simu ni ya Kweli: Kwa Nini Shairi la Mtu Mmoja Huwagusa Wengi

Baba alinipigia asubuhi, hata salamu hakuimaliza. "Mwanangu, tangu jana nimeulizwa na watu watatu kama nimekufa. Wa tatu alipiga namba yangu mwenyewe, nilipopokea, akakata."

Kosa lilikuwa langu. Siku mbili kabla ya hapo nilikuwa nimewatumia marafiki wachache shairi fupi nililolipa jina "Kwa Baba", ambamo mtu anamlilia marehemu. Rafiki akampelekea rafiki, nami nikaamkia rambirambi. Pole sana. Mungu amlaze mahali pema. Mmoja aliomba namba ya kutuma ubani. Marehemu mwenyewe wakati huo alikuwa nje anaziba pancha ya baiskeli.

Pamoja na pole hizo zikaja jumbe za namna nyingine, kutoka kwa watu nisiowajua kabisa. "Umenisema." "Nani kakupa habari za nyumbani kwangu?" Mwanamke mmoja aliandika neno moja tu: "Mimi." Hao hawakuuliza kama baba yangu amekufa. Hata hawakujua kama nina baba.

Tangu hapo nimegundua kwamba tunapozungumzia mashairi yanayotoka kwenye maisha ya mtu, tunafunga maswali mawili katika fundo moja. La kwanza: je, limemtokea kweli? La pili: mbona limenigusa mimi? Wengi hudhani jibu la kwanza ndilo linaloleta jibu la pili, yaani shairi linagusa kwa kuwa mwandishi kapatwa. Lingekuwa jambo rahisi hivyo, kila aliyefiwa angekuwa malenga.

Nani anasema "mimi"?

Tuanze na maneno yenyewe, maana nusu ya ubishi hutoka hapo.

Utambulisho ni majibu ya swali "wewe ni nani?" Lugha uliyolelewa nayo, jinsia yako, umri, imani, ukoo, mwili ulio nao, watu wanaokuita mwenzao na wale wanaokukana. Mengine umezaliwa nayo, mengine umevishwa na watu. Tajiriba ni yale yaliyokupata ukiwa mtu huyo. (Wapo wanaosema "uzoefu". Mimi neno hilo linaninukia barua ya kuomba kazi, uzoefu wa miaka mitano, kwa hiyo nitabaki na tajiriba.) Viwili hivi haviendi pamoja siku zote. Ndugu wawili wa tumbo moja wanaweza kuwa na utambulisho unaofanana na tajiriba zilizoachana kama mashariki na magharibi. Na wageni wawili wasioelewana hata lugha wanaweza kuwa wamekaa usiku uleule kando ya kitanda cha mgonjwa.

Neno la tatu ndilo linalosahaulika: nafsineni. Ni ile sauti inayosema "mimi" ndani ya shairi. Shuleni tulifundishwa tuitofautishe na mshairi, tukaandika jibu, tukapata alama, tukaliacha neno kwenye chumba cha mtihani. Mshairi hula, huumwa na hudaiwa. Nafsineni anaishi ndani ya beti tu. Beti zikiisha, naye ameisha.

Jambo hili si gumu kama linavyosikika. Mtu anaposimulia hadithi akasema kwa sauti ya sungura, "Mimi ndiye mjanja wa pori hili," hakuna mtoto anayemgeukia kumtafuta masikio marefu. Kwenye hadithi hatuhitaji mwalimu. Kwenye shairi tunateleza kwa sababu "mimi" wa shairi hana masikio marefu: anafanana mno na mtu aliyeandika jina lake chini yake.

Kuteleza huko si kwetu peke yetu. Mwaka 1962 mshairi wa Marekani Sylvia Plath aliandika "Daddy", shairi ambamo binti anamrukia marehemu baba yake kwa picha za kutisha, zikiwamo za Wanazi. Baba yake Plath alikuwa mzaliwa wa Ujerumani aliyehamia Marekani akiwa kijana, akafundisha biolojia chuo kikuu, akabobea katika nyuki, akafariki 1940 binti yake akiwa na miaka 8. Unazi haukuwa wake. Plath alipoandaa maelezo ya kulisomea shairi hilo redioni BBC, hakusema "hiki ni kisa changu". Alisema msemaji ni msichana ambaye baba yake alikufa wakati yeye akimwona kama Mungu. Yaani mwenye kidonda mwenyewe aliweka umbali kati yake na sauti iliyomo. Lakini tayari tangu 1959 mhakiki M. L. Rosenthal alikuwa ameshaipa aina hiyo ya uandishi jina la "ushairi wa kukiri", na jina likishaandikwa mlangoni kila anayeingia anatafuta aliyekiri nini. Mpaka leo wako wanaozisoma beti za Plath kama faili la polisi.

Beti mbili

Sasa nije kwenye ile simu ya kichwa cha makala haya, maana ndiyo iliyofanya kazi yote.

Mume wa shangazi yangu alifariki. Muda mrefu baadaye nilikwenda kukaa kwake siku chache, nikaona kila jioni anaichukua simu ya marehemu, anaichomeka chaji, anaiweka mezani. Haikuwa inapigiwa na mtu. Hakunieleza, nami sikuuliza. Niliondoka na ile simu kichwani.

Nilipokaa kuandika, simu ikajificha, yakaja maneno haya:

*Huzuni imenishika, moyo wangu waumia,*
*Machozi yabubujika, usiku kucha nalia,*
*Baba, umeshaondoka, gizani nimebakia,*
*Sijui nitapofika, ni nani wa kunambia.*

Hesabu uone. Mizani 8 kwa 8 kila mshororo, vina vya kati na vya mwisho vimekaa. Mwalimu asingepata pa kutia kalamu nyekundu. Na ubeti huu haukumgusa mtu hata mmoja, mimi nikiwa wa kwanza kutokuguswa. Nikauacha wiki nzima. Niliporudi nikaandika huu:

*Simu yako i mezani, kila jioni nachaji,*
*Majina yote ya ndani, hayana tena mwitaji,*
*Nikiulizwa kwa nini, jibu sina, sihitaji,*
*Taa yake ya kijani, ndiyo kwangu msemaji.*

Ubeti wa kwanza unasema huzuni mara nne. Wa pili hauitaji hata mara moja. Kinachotokea kwa msomaji ni hiki. Ukimwambia "huzuni imenishika", anaelewa na kupita. Neno halimwombi kitu, kazi umeshaimaliza wewe. Ukimwambia simu inachajiwa kila jioni, anasimama. Ya nani? Mbona yeye asiichaji mwenyewe? Mshororo wa pili ukimjibu, anakuwa ameshaingia ndani kwa miguu yake, na huzuni anayoikuta humo hakupewa na mtu: ameitoa kwake. Huwezi kumwazima mtu machozi. Unaweza kumwonyesha kitu, naye akayakuta ya kwake.

Ndiyo maana ule ushauri maarufu wa kwamba ukitaka kuwafikia wengi uandike mambo ya jumla ni ushauri mbaya. Unaonekana una mantiki: simu ni ya shangazi mmoja, huzuni ni ya dunia nzima, basi andika huzuni. Kumbe huzuni ya dunia nzima haina mwenyewe. Waliofiwa hawafiwi na "mpendwa". Wanafiwa na mtu aliyekuwa na kikohozi cha namna fulani na mlango aliozoea kuusukuma kwa bega. Msomaji ambaye hakuwahi kuchaji simu ya marehemu anayo miwani, au kofia, au namba ambayo hathubutu kuifuta. Simu haimwambii "tunafanana". Inamkumbusha mahali alipokiweka cha kwake.

Na tazama kilichoachwa nje. Ubeti hausemi marehemu alikufa kwa nini, wala lini, wala aliye hai ni nani kwake. Hilo la mwisho limesaidiwa na lugha yenyewe. Kiswahili hakina yeye wa kiume na yeye wa kike. "Nachaji" anaweza kuisema mjane, mtoto, mama, hata rafiki, na hakuna silabi ya kumsuta. Shairi likisomwa kwa sauti jambo linakuwa zito zaidi: kinywa kinachosema "na-" ni chako. Kwa muda wa mishororo minne wewe ndiye nafsineni, utake usitake, na mizani inakupangia hata mahali pa kuvuta pumzi. Nadhani hiyo ndiyo nguvu ambayo gazeti halina. Habari ya mjane utaisoma. Ubeti wa mjane utautamka.

Baadaye nilikuja kujua kwamba ubeti ule wa pili ulianza kusambaa peke yake, bila kichwa chake "Kwa Baba". Waliopata shairi zima walinipa pole. Waliopata ubeti mtupu ndio waliosema "umenisema".

Umenisema, au umesema chochote?

Hapa kuna mtego. "Umenisema" si ushahidi kwamba shairi ni zuri, maana watu husema hivyo hata wakidanganywa.

Mwaka 1948 mwanasaikolojia wa Marekani Bertram Forer aliwapa wanafunzi wake 39 jaribio la kupima tabia, kisha akamrudishia kila mmoja maelezo ya nafsi yake. Akawaomba wayape alama kuanzia 0 hadi 5, kwa kadiri yalivyowaelezea. Wastani ulikuwa 4.26. Kisha akawaambia ukweli: wote walikuwa wamepewa karatasi ileile moja, yenye sentensi alizookota kwenye kitabu cha unajimu. Unapenda watu wakukubali, ila hujihukumu mno. Wakati mwingine wewe ni mchangamfu, wakati mwingine hupenda kujitenga. Nani si hivyo?

Kwa hiyo maneno ya jumla nayo huleta "mimi huyo!" Na yapo maandishi mengi, yamekatwakatwa mistari mifupi yakaitwa mashairi, yanayofanya biashara hiyohiyo: ulivunjika lakini utang'aa, wasiokuthamini hawakukustahili. Msomaji anajiona, anafurahi, anatuma kwa wenzake. Sisemi ni dhambi. Kuna siku mtu anahitaji kuambiwa atang'aa na hahitaji zaidi.

Lakini hisia hizo mbili hazifanani. Maneno ya mnajimu yanakurudishia picha uliyokuwa nayo tayari, imepigwa pasi kidogo. Simu ya shangazi inakupa kitu ambacho hukuwa nacho, halafu unashangaa kukuta kinakuhusu. Kipimo changu ni cha kienyeji: baada ya siku tatu, ninakumbuka nini? Mstari wa mnajimu siukumbuki. Nakumbuka tu kwamba ulinifurahisha. Taa ya kijani wameniandikia watu baada ya miezi.

Barua ya mtu mwingine

Mfano mkubwa wa jambo hili katika lugha yetu ni wa mama aliyekuwa mgonjwa. Karibu mwaka 1858 Mwana Kupona binti Mshamu, mzaliwa wa Pate, alitunga utendi kwa ajili ya binti yake, Mwana Hashima. Anamwita asogee, aketi, alete wino na karatasi, ana neno la kumwambia. Msikilizaji aliyekusudiwa ni mmoja. Utendi huo ulinakiliwa na kuhifadhiwa vichwani na watu wasiohesabika, na baada ya zaidi ya miaka 160 bado unasomwa, hata na wasomaji wanaobishana vikali na mawaidha yake kuhusu ndoa.

Angetunga "nasaha kwa wasichana wote", sidhani kama tungekuwa nao leo. Nasaha kwa wote zina sauti ya mimbari. Nasaha kwa binti mmoja, kutoka kwa mama anayejua hatapona, zina sauti ya chumba, na sisi tunasimama mlangoni tukisikiliza jambo lisilotuhusu. Hakuna kinachomvuta binadamu kama jambo lisilomhusu. Shaaban Robert (1909–1962) alifanya vivyo hivyo alipomlilia mkewe: hakuandika "mke mwema", alimwita kwa jina, Amina, na jina likawa kichwa cha shairi. Sisi wengine hatukumjua Amina. Tunamwita hata hivyo.

Njia ya pili inakwenda kinyume na hiyo: mmoja kusema kwa niaba ya waliozibwa mdomo. Mshairi wa Urusi Anna Akhmatova alipanga foleni kwa miezi 17 nje ya magereza ya Leningrad, mwanawe akiwa ameshikwa. Ameeleza mwenyewe jinsi mwanamke mmoja kwenye foleni, midomo imegeuka buluu, alivyomnong'oneza sikioni kumwuliza kama anaweza kuyaelezea haya. Akajibu kwamba anaweza. Mashairi yaliyotoka humo, *Requiem*, yalikuwa ya hatari kuyaweka kwenye karatasi, kwa hiyo marafiki wachache waliyahifadhi kichwani. Yalichapishwa Munich mwaka 1963. Ndani ya Umoja wa Kisovieti, mwaka 1987. Mwanamke yule hakuuliza kama Akhmatova anaumia, maana foleni nzima ilikuwa inaumia. Aliuliza kama anaweza kusema. Katika yote niliyosoma kuhusu kazi ya mshairi sijaona swali lililolenga kuliko hilo.

Lazima uwe wao?

Hapo ndipo ugomvi wa miaka hii unapokaa. Je, mtu asiye na utambulisho fulani anaruhusiwa kuusemea?

Mwaka 2021 suala hili lilifika magazetini. Amanda Gorman, mshairi kijana Mmarekani mweusi, alisoma shairi lake siku Joe Biden alipoapishwa, Januari 20. Uholanzi kazi ya kulitafsiri ikakabidhiwa Marieke Lucas Rijneveld, mwandishi mzungu. Wakosoaji wakauliza mbona hakutafutwa mshairi mweusi, na Rijneveld akajiondoa. Wengine wakasema ni haki, wengine wakasema tafsiri imekufa.

Kuna waliojibu kwa barua ya zamani ya mshairi Mwingereza John Keats. Tarehe 27 Oktoba 1818 aliandika kwamba mshairi hana utambulisho wowote, kwa kuwa kila mara anaingia ndani ya mwili wa kitu kingine. Maneno mazuri, nami nayapenda. Ila yanasemwa kwa wepesi zaidi na mtu ambaye utambulisho wake haujawahi kumzuia mlangoni.

Kwa maoni yangu pande zote mbili zinachanganya uwezo na imani, yaani kuaminiwa. Uwezo wa kuona hauna kabila. Mtu anaweza kumtazama mwenzake kwa makini mpaka akamwandika vizuri. Imani ni jambo jingine. Jamii iliyosemewa vibaya kwa miaka mingi ina haki ya kuuliza nani anasema, kwa sababu inaijua gharama. Na kuna elimu ndogondogo inayotokana na kuishi tu: mtu wa nje ataandika maumivu, maana maumivu yanaonekana, lakini mzaha ambao watu hao hutaniana katikati ya maumivu utampita. Ndiyo maana mashairi ya kuwahurumia watu wengine mara nyingi hukosa kicheko.

Mimi mwenyewe ukuta huo niligonga. Nilijaribu kwanza kuandika kwa sauti ya mjane, ikatoka sauti ya mtu anayeigiza mjane. Sijawahi kumpoteza mume wala mke. Ninachokijua ni woga wa mtoto ambaye baba yake anazeeka, anayetazama simu ikiita usiku kabla ya kuipokea. Nikaichukua simu ya shangazi, nikaiweka mahali penye woga wangu. Tukio la mtu mwingine, hofu yangu. Nadhani mashairi mengi tunayoyaita ya kweli yamefumwa hivyo, kwa nyuzi mbili.

Nilimsomea shangazi kabla ya mtu mwingine yeyote, kwa sababu simu ni yake. Akasikiliza mpaka mwisho akiwa ametazama chini. Kisha akainua uso: "Na kaka yangu kakukosea nini hata umzike?"

Kujitapika si kutunga

Niseme kwa ufupi juu ya dhana moja iliyoenea, kwamba ukiumia, umwage yote kama yalivyo, na hilo ndilo shairi. Kumwaga kuna faida yake. Mwaka 1986 James Pennebaker na Sandra Beall, watafiti wa saikolojia Marekani, walichapisha jaribio ambamo wanafunzi waliandika kwa dakika 15, siku 4 mfululizo, kuhusu mambo yaliyowaumiza. Waliomaliza kuandika walijisikia vibaya zaidi papo hapo. Lakini walioandika tukio pamoja na hisia zao walikwenda zahanati mara chache zaidi katika miezi iliyofuata. Basi andika. Lakini maandishi yale hayakuwa ya kusomwa na mtu. Yalimtibu aliyeyaandika na yakamaliza kazi yake. Shairi ni kwa ajili ya mtu ambaye hakuwapo, hakujui, na ana mambo yake.

Tena si lazima yaliyokupata yaonekane. Abdilatif Abdalla alifungwa Kenya kuanzia 1969 hadi 1972 kwa ajili ya waraka aliouandika, "Kenya: Twendapi?" Alikuwa katika miaka yake ya ishirini, akafungiwa peke yake, akatunga kwa siri kwenye karatasi za chooni. Mashairi hayo yalitoka mwaka 1973 kama *Sauti ya Dhiki*. Ukiyafungua ukitarajia kuta na kufuli peke yake, utakutana pia na mamba, na jipu, na ndugu wawili wanaogombania mnazi. Jela imo yote, na hakulazimika kuitaja kila mahali. Msomaji ambaye hajui lolote kuhusu kesi ile bado anamjua mamba wake, kwa kuwa kila mtu ameshavuka mto wenye mwenyewe.

Kwa hiyo kweli ya shairi si kweli ya cheti cha kifo. Cheti kinauliza kama baba amekufa. Shairi linauliza kama ndivyo inavyokuwa baba akifa.

Basi mbona walikasirika?

Kama ndivyo, ningetegemea watu wacheke nilipotangaza kwamba baba ni mzima. Wengine walicheka. Wengine walikasirika, na nikifikiri vizuri hawakukosea kabisa.

Mwaka 2024 watafiti wawili wa Chuo Kikuu cha Pittsburgh walichapisha matokeo ya kuwapa wasomaji wa kawaida mashairi ya washairi maarufu pamoja na mengine yaliyotungwa na kompyuta. Walipoulizwa lipi ni la mtu na lipi la kompyuta, wasomaji walipatia chini ya nusu, na kwa vigezo vingi yale ya kompyuta yalipata alama za juu zaidi, labda kwa kuwa yalikuwa rahisi kueleweka. Lakini walioambiwa kabla ya kusoma kwamba shairi ni la mashine waliliona duni. Maneno yaleyale, na kilichobadilika ni nani anadhaniwa kasimama nyuma yake.

Ukipenda, sema huo ni unafiki wa wasomaji. Mimi naona ni kama kushikana mkono gizani: joto ni lilelile, lakini unataka kujua ni mkono wa nani. Anayesoma shairi la msiba hupokea maneno, na pia hudhani kuna mtu wa pili chumbani. Nafsineni anaruhusiwa kuwa wa kubuni. Mtu wa pili akiwa hayupo kabisa, msomaji anajikuta amekaa na machozi yake peke yake, na hapo ana haki ya kuudhika.

Yule mwanamke aliyeandika "Mimi" alikuwa miongoni mwa walioudhika. "Kumbe ulikuwa unacheza," akaniambia. "Mimi nimelia." Nikamweleza habari ya shangazi, na meza, na taa. Hakujibu mpaka kesho yake. Alipojibu hakuuliza tena kuhusu baba. Aliuliza: "Na shangazi yako, bado anaichaji?"

Sikujua. Nikampigia shangazi. Akasema betri ilivimba, fundi kakataa kuigusa. Simu ameiweka kwenye droo, imefungwa ndani ya kitambaa pamoja na chaja yake.